Chuoni hakuna wa kukusemea

Neno "kujiamulia" wengi wetu tumelizoea katika siasa. Watu wa Timor Mashariki walipopiga kura Agosti 1999, na wale wa Sudan Kusini walipopiga ya kwao Januari 2011, watangazaji walisoma katika taarifa za habari kwamba wananchi hao wametumia haki ya kujiamulia mambo yao wenyewe. Juma hili nataka kulizungumzia neno hilo hilo, lakini likiwa limeshushwa kutoka ngazi ya taifa hadi ngazi ya mtu mmoja. Mtu huyo ni kijana wa chuo. Akili anayo, pengine kuwashinda wenzake, lakini ukurasa mmoja wa kitabu unamchukua muda mara mbili ya wengine, ama fikira zake hazitulii penye jambo moja hata kwa dakika kumi.

Kulihamisha neno hilo kutoka kwa mataifa hadi kwa watu wenye ulemavu si ubunifu wangu. Msweden mmoja, Bengt Nirje, aliandika mwaka 1972 kwamba mtu mwenye ulemavu naye ana haki ya kujiamulia, maana yake matakwa yake na chaguo lake viheshimiwe kama vya mtu mwingine yeyote. Miaka ya 1990 wataalamu wa elimu nchini Marekani wakalichukua wazo hilo na kuuliza swali gumu zaidi: haki ya kujiamulia itamfaa nini kijana ambaye hakufundishwa kuamua?

Nitaizungumzia Marekani kwa sababu huko sheria zimekwenda mbali. Na mahali ambapo sheria imekwenda mbali ndipo tunapoona vizuri inapoishia, na mtu mwenyewe anapotakiwa kuanza.

Ulemavu gani huo?

Mwaka 1963, katika mkutano wa wazazi mjini Chicago, mwanasaikolojia Samuel Kirk alitumia maneno ambayo kwa Kiswahili tunaweza kusema "ulemavu wa kujifunza". Wazazi wale walikuwa na watoto ambao si vipofu, si viziwi wala si wapungufu wa akili, lakini shuleni walishindwa kusoma, kuandika au kuhesabu kwa namna ambayo walimu hawakuweza kuieleza. Watoto wa aina hiyo walikuwa wamepewa majina mengi. Jina jepesi kuliko yote, na ambalo hata hapa kwetu tunalijua, ni "mvivu".

Ulioenea zaidi miongoni mwa ulemavu huo ni disleksia, yaani ugumu wa kuoanisha herufi na sauti zake. Mwenye disleksia anaweza kukueleza somo la historia kwa mdomo ukastaajabu, kisha akaandika sentensi tatu zenye makosa kumi. Wako pia wanaopata taabu ya namna hiyo kwenye hesabu. Halafu liko kundi la pili, la upungufu wa umakini. Hapa watu hukosea wakidhani kwamba mwenye shida hiyo hawezi kukazia fikira kitu chochote. Anaweza. Jambo likimpendeza atakaa nalo mpaka usiku wa manane. Shida yake ni kuziongoza fikira hizo: kuanza kazi isiyompendeza, kukadiria muda, kukumbuka alichoagizwa, kujizuia asirukie jingine.

Sisi wa redio tunalielewa jambo hili. Ninapokuwa studio kuna saa kubwa ukutani, kuna karatasi ya ratiba mbele yangu, na nyuma ya kioo yuko fundi mitambo ananionyesha kwa vidole: zimebaki dakika mbili, imebaki moja, malizia. Watu wengi wamezaliwa na fundi mitambo wao kichwani. Mwenye upungufu wa umakini naye anaye, ila fundi huyo huja kazini siku anayotaka. Basi inambidi anunue saa, aandike ratiba, na amtafute mtu wa kukaa nyuma ya kioo. Akishalijua hilo kazi inakwenda. Asipolijua, atajiita mjinga, na baada ya muda ataamini.

Jambo la kushika hapa ni kwamba ulemavu huu hauonekani kwa macho. Hauna fimbo nyeupe wala kiti cha magurudumu. Mhadhiri anayesimama mbele ya wanafunzi mia mbili hawezi kumtambua mwenye nao. Mwenyewe asiposema, hakuna atakayejua.

Shuleni sheria inakutafuta, chuoni unaitafuta

Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu, ambayo mwaka 1990 ilipewa jina jipya. Chini ya sheria hiyo, shule ya umma ndiyo yenye wajibu wa kumtafuta mtoto mwenye shida, kumpima bila malipo, na kuketi pamoja na wazazi wake angalau mara moja kwa mwaka kuandika mpango wa masomo wa mtoto huyo peke yake. Mtoto akihitaji mwalimu wa pembeni, atapewa. Wazazi wasiporidhika, wanaweza kukata rufaa. Kwa miaka kumi au zaidi kijana anakua huku watu wazima wakizunguka meza na kuzungumza juu yake.

Siku anapopokea cheti cha kumaliza sekondari, sheria hiyo inamwaga mlangoni. Chuoni zinatawala sheria nyingine: kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, na ile ya Wamarekani wenye Ulemavu ya mwaka 1990. Hizi hazimwahidi kufaulu. Zinamwahidi kwamba hatabaguliwa, na kwamba chuo kitamfanyia marekebisho ya haki ili apate nafasi sawa na wenzake. Lakini chuo hakina wajibu wa kumtafuta. Yeye ndiye anayetakiwa kwenda kwenye ofisi inayohusika, kutaja ulemavu wake na kuonyesha vyeti vya uchunguzi. Vyeti vikiwa vya zamani, gharama ya kupimwa upya kwa kawaida ni juu yake, nayo inaweza kufika dola elfu kadhaa. Kisha hupewa barua, na barua hiyo mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayeipeleka kwa kila mhadhiri, na kuipeleka tena muhula unaofuata.

Wazazi nao wanapoteza kiti chao. Chini ya sheria ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi, haki juu ya kumbukumbu hizo huhama kutoka kwa mzazi kwenda kwa mwanafunzi anapofika umri wa miaka 18 au anapoingia chuo. Mama aliyezoea kumpigia simu mwalimu mkuu anaweza kujibiwa kwa adabu kabisa kwamba bila idhini ya mwanawe hana la kuambiwa.

Na ratiba yenyewe inageuka. Sekondari kengele inamwongoza mtoto tangu asubuhi hadi alasiri, siku tano kwa juma. Chuoni vipindi ni kama saa 12 hadi 15 kwa juma zima, na saa zilizobaki ni zake kuzipanga. Kwa mwanafunzi ambaye shida yake ni kupanga muda, huko ni kunyang'anywa mkongojo siku ile ile anapoanza kupanda mlima.

Matokeo yake yanahesabika. Utafiti mkubwa wa serikali ya Marekani uliowafuatilia vijana wenye ulemavu wa kila aina baada ya kutoka sekondari ulitoa taarifa mwaka 2011. Miongoni mwa waliokwenda vyuoni, asilimia 87 walikuwa wakipata msaada au marekebisho walipokuwa sekondari. Chuoni waliopata ni asilimia 19. Asilimia 28 tu ndio waliokiarifu chuo kwamba wana ulemavu. Asilimia 9 walijiona kuwa nao lakini wakanyamaza. Na asilimia 63, ingawa shule zao ziliwahi kuwatambua, walisema wao hawajioni kuwa na ulemavu wowote.

Tukiwatazama hao wa mwisho, bila shaka wako ambao wamekua na kupata njia zao. Lakini wako pia waliobeba jina hilo tangu darasa la pili, wakachekwa kwa kutolewa darasani kila siku saa nne, na sasa wameona nafasi ya kuanza upya mahali ambapo hakuna anayewajua. Sina moyo wa kuwalaumu. Hata hivyo wahenga walisema mficha uchi hazai. Na iko kanuni moja vyuoni ambayo haina huruma: marekebisho hayarudi nyuma. Ukifeli mtihani wa Oktoba kisha ukaenda kusema shida yako mwezi wa Desemba, chuo hakilazimiki kuufuta mtihani ule.

Hatua tano

Ndiyo sababu wataalamu wakaanza kusema kwamba kujiamulia ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa. Mwaka 1994 Sharon Field na Alan Hoffman wa Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, walitoa mpango wenye sehemu tano ambao mpaka leo unatumiwa na waalimu wengi. Nitauchukua mpangilio wao, mifano ni yangu mwenyewe.

Sehemu ya kwanza ni jitambue. Kujitambua si kulijua jina la ulemavu. Mwanafunzi akimwambia mhadhiri, "Nina disleksia," hajamwambia kitu cha kumsaidia. Lakini akisema, "Nasoma polepole sana. Nikikisikiliza kitabu kwenye kinasa sauti naelewa sawa na wenzangu. Kwenye mtihani wa kuandika nahitaji muda wa nusu zaidi," hapo mhadhiri anajua la kufanya. Ili aseme hivyo inabidi awe ameisoma taarifa ya uchunguzi wake mwenyewe. Wako vijana waliopimwa tangu wana miaka saba ambao hawajawahi kuiona karatasi hiyo, kwa sababu ilikuwa ikizungumzwa kati ya mama na mwalimu. Kujitambua ni pamoja na kujua unachokiweza: pengine kuchora, kujenga hoja kwa mdomo, kuona picha nzima wakati wengine wanahesabu vipande.

Ya pili ni jithamini. Hapa ndipo penye kidonda. Mtu aliyeambiwa mvivu kwa miaka kumi na mbili haamini kwamba kuomba muda zaidi ni haki. Anaona ni kuombaomba. Mfano unaonipendeza ni wa Jack Horner, bingwa wa mifupa ya dainosaria, ambaye filamu ya "Jurassic Park" ilimtumia kuwa mshauri wake. Horner ana disleksia. Katika Chuo Kikuu cha Montana alianguka masomo zaidi ya mara moja, na hakupata shahada ya kusomea. Aliendelea kuchimba mifupa, na mwaka 1986 chuo hicho hicho kikampa udaktari wa heshima. Siutoi mfano huu ili kila kijana adhani atakuwa Horner, maana wengi hatutakuwa. Nautoa kwa sababu unaonyesha kwamba karatasi ya mtihani ilikuwa inapima kitu kimoja tu kati ya vingi alivyokuwa navyo.

Ya tatu ni panga. Mwenye upungufu wa umakini akiambiwa ataandika insha ya kurasa ishirini kwa ajili ya mwisho wa muhula, anaona kitu kimoja kikubwa kilicho mbali, na mbali kwake ni sawa na hakipo. Njia inayofundishwa ni kuhesabu kuanzia mwisho kuja mwanzo: insha inatakiwa tarehe 10, basi rasimu iwe tayari tarehe 3, vitabu viwe vimesomwa tarehe 20 ya mwezi uliotangulia, na kesho saa tatu ni kwenda maktaba kutafuta vitabu viwili, basi. Bandu bandu huisha gogo. Kupanga ni pamoja na kuchagua idadi ya masomo. Afadhali masomo matatu kwa muhula na shahada ya miaka mitano, kuliko masomo matano na kuondoka mwaka wa kwanza.

Ya nne ni tenda. Tumwazie msichana wa kubuni aliye na barua yake mkononi. Akiingia kwenye ukumbi wa mihadhara na kumpa profesa barua hiyo mbele ya watu, katikati ya kelele za kutoka, ataona haya na profesa ataitia mfukoni akaisahau. Akienda katika saa za kuonana na wanafunzi, juma la kwanza la muhula, akaketi na kueleza kwa dakika tano ofisi imekubali nini na mtihani wake utafanyika wapi, kisha akaandika barua fupi ya kukumbushia, amefanya kazi nzima. Na profesa akisema, "Mimi somo langu sitaki upendeleo," asilie wala asigombane. Amjibu kwamba anayaheshimu maoni yake, na arudi kwenye ofisi iliyotoa barua, kwa sababu kazi ya kumkumbusha profesa sheria ni ya ofisi hiyo. Mambo haya, yaani nani aambiwe, lini, kwa maneno gani, na akikataa niende wapi, hayaji yenyewe. Yanafanyiwa mazoezi kama tunavyofanya mazoezi ya kusoma taarifa ya habari kabla taa nyekundu haijawaka.

Ya tano ni pima matokeo ujifunze. Alipewa chumba cha peke yake kufanyia mtihani, lakini chumba kiko kando ya ngazi na kila anayepita anamkata fikira. Hiyo si sababu ya kusema msaada haufai. Ni sababu ya kuomba chumba kingine. Alipata muda zaidi lakini akautumia wote kwenye swali la kwanza. Basi mtihani ujao aweke saa mezani. Kwa kijana aliyezoea kufeli, kufeli ni hukumu. Anatakiwa afundishwe kukuona kuwa ni habari, naye aichambue kama mwandishi anavyoichambua habari: nini kilitokea, lini, kwa nini.

Wako waliovijengea vyuo mafunzo haya. Chuo Kikuu cha Arizona kilianzisha kituo chake mwaka 1980, na mwaka 1985 huko Putney, katika jimbo la Vermont, Chuo cha Landmark kilifunguliwa mahsusi kwa wanafunzi wenye disleksia. Lakini si kila mtu anaweza kulipia huduma kama hizo, na ujuzi wenyewe hauhitaji jengo.

Je, si upendeleo?

Swali hilo huulizwa hata na watu wenye nia njema, kwa hiyo lijibiwe. Mwaka 1995 Jon Westling, kiongozi wa juu wa Chuo Kikuu cha Boston ambaye mwaka uliofuata alikuwa rais wa chuo hicho, alitoa hotuba akamsimulia mwanafunzi mmoja aliyemwita Samantha. Binti huyo, alisema, alimjia na madai chungu nzima: akae mbele, apewe maelezo ya somo, aongezewe muda wa mtihani, na zaidi ya hayo akatahadharisha kwamba anaweza kusinzia darasani, kwa hiyo aelezwe yaliyompita. Wasikilizaji walicheka. Baadaye ikabainika kwamba Samantha hakuwapo. Westling alikiri kwamba alimtunga.

Wanafunzi wa kweli waliokuwapo walikwenda mahakamani. Agosti 1997 Jaji Patti Saris aliamua kwamba baadhi ya masharti ya chuo na namna kilivyoyashughulikia maombi vilivunja sheria, na akaamuru wanafunzi sita walipwe fidia ya jumla ya karibu dola 30,000. Lakini hukumu hiyo ina upande wa pili, nao una mafunzo. Wanafunzi walitaka wale wenye ulemavu wa kujifunza waruhusiwe kusoma somo jingine badala ya lugha ya kigeni. Jaji hakuwapa hilo moja kwa moja. Aliagiza chuo kiunde kamati ya walimu ilitafakari jambo hilo kwa dhati. Kamati ikaketi, ikaona lugha ni sehemu ya lazima ya shahada hiyo, na mwaka 1998 jaji akaukubali uamuzi huo.

Maana yake ni hii: sheria humfungulia kijana njia, haishushi kipimo. Mwenye disleksia anayepewa muda zaidi bado anaulizwa maswali yale yale. Ni kama mtu mfupi kupewa kigoda ili naye aone ubao. Kigoda hakimpi majibu yaliyoandikwa ubaoni.

Wala sitaficha kwamba wako wanaokitumia kigoda kuibia. Katika kashfa ya kuingiza watoto vyuoni kwa rushwa iliyofichuliwa Marekani Machi 2019, baadhi ya wazazi matajiri walifundishwa kutafuta vyeti vya ulemavu wa kujifunza ambao watoto wao hawakuwa nao, ili wafanye mtihani peke yao kwa muda mrefu, mbele ya msimamizi aliyehongwa kusahihisha majibu. Hasara ya wizi huo humwangukia yule mwenye shida ya kweli, ambaye siku ya pili anatazamwa kwa jicho la mashaka anapotoa barua yake. Ni sababu nyingine ya yeye kujua kujieleza mwenyewe.

Kujiamulia si kujitenga

Liko kosa moja ambalo naliogopa. Msomaji anaweza kudhani kwamba namsifu kijana asiyemhitaji mtu. Sivyo. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wa Chuo Kikuu cha Rochester, ambao nadharia yao ya mwaka 1985 juu ya kujiamulia inajulikana duniani, wanataja mahitaji matatu ya binadamu: kujiona kuwa matendo yake yanatoka kwake mwenyewe, kujiona kuwa anaweza, na kuwa na uhusiano wa karibu na wenzake. Hilo la tatu lisisahauliwe. Kuomba msaada kwa wakati wake ni tendo la kujiamulia, ilimradi muombaji ni wewe na unajua unachoomba.

Hapa wazazi ndio wenye kazi ngumu kuliko wote, kwa sababu kazi yao ni kuacha. Mzazi aliyepigana na shule kwa miaka kumi ili mwanawe asionewe amekuwa hodari wa kusema, na mtoto amekuwa hodari wa kunyamaza. Dawa ni kumpokeza kipaza sauti kidogo kidogo. Akiwa na miaka kumi, daktari akiuliza "unaumwa nini," ajibu mtoto. Akiwa na miaka 14, katika kikao cha shule, yeye ndiye aanze kwa kueleza linalomsaidia na lisilomsaidia. Kwa sheria ya Marekani, kijana anapofika miaka 16, bila kuchelewa zaidi ya hapo, mpango wake unapaswa kueleza atakavyoondoka sekondari na kwenda wapi, naye mwenyewe aalikwe kwenye kikao hicho. Kualikwa tu hakutoshi. Wako wanaoalikwa wakakaa kimya wakichezea kalamu. Azungumze. Akikosea neno, aachwe alimalize.

Na aachwe aone matokeo ya chaguo lake angali nyumbani, ambako kuanguka hakuumizi sana. Asiyeachwa aamue lini afanye kazi yake ya nyumbani akiwa na miaka 15 ataamua nini akiwa na miaka 19, peke yake, katika mji ambao hana ndugu?

Yanatuhusu nini?

Msomaji atauliza Marekani inatuhusu nini. Kwanza, wako watoto wetu wanaokwenda kusoma huko. Sheria nilizozitaja zinamlinda kila mwanafunzi anayestahili aliyeko ndani ya nchi hiyo, awe raia au mgeni. Mwanafunzi kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura mwenye disleksia ana haki ya kugonga mlango wa ofisi ile ile. Ila yeye hakupitia miaka kumi ya vikao na mipango, na pengine hajawahi hata kupimwa. Naye akisoma polepole, yeye na walimu wake watadhani ni Kiingereza tu.

Pili, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unazitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba watu hao wanaingia elimu ya juu bila ubaguzi na kufanyiwa marekebisho ya haki. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Marekani yenyewe ilitia saini mwaka 2009, lakini Desemba 2012 kura 61 dhidi ya 38 katika Baraza la Seneti hazikufika theluthi mbili zinazotakiwa, na mpaka leo haijauridhia. Kwa hiyo katika karatasi hiyo moja sisi tuko mbele yao. Karatasi inatupa mahali pa kusimamia, lakini haimsemei mtu.

Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa, hatua zile tano hazingoji sheria wala ofisi. Mwanafunzi wa chuo chochote, hapa kwetu au kwingineko, anaweza kuanza leo kwa kalamu na karatasi. Aandike majibu ya maswali manne. Kitu gani hasa kinanishinda, na katika hali gani? Kitu gani nakifanya vizuri? Kitu gani kimoja kingebadilishwa, nami nikafanya kazi sawa na wenzangu? Nani mwenye uwezo wa kukibadilisha, na nitamwona siku gani? Akishayajibu, amsomee rafiki anayemwamini, kwa sauti, mara mbili au tatu, mpaka maneno yamkae mdomoni. Kisha aende, kabla ya mtihani wa kwanza.